Tangi la Maji ya Moto: Somo Nililojifunza Nyumbani



Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu kwamba vitu vikipata moto hutanuka. Nawaonyesha tufe la shaba na pete yake: tufe likiwa baridi lapita katika pete, likipashwa moto lakataa kupita. Wanafunzi hucheka, huandika madaftarini mwao, nasi twaendelea na somo jingine. Kumbe mwalimu mwenyewe alikuwa hajalielewa somo lake vizuri. Nililielewa mwezi wa Juni, 2023, nyumbani kwangu hapa Njombe, siku tangi letu la maji ya moto lilipopasuka mshono. Nataka kuwaeleza habari hiyo, na jinsi nilivyochagua tangi jipya na kulifunga, maana siku hizi matangi haya yamo katika nyumba nyingi, na wengi wetu hatujui zaidi ya kubonyeza swichi.

Kosa langu

Njombe ni nchi ya baridi. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai maji ya bomba humfanya mtu arudishe mkono. Mama yangu mzazi anakaa nasi. Ni mtu mzima sana na viungo vyamuuma, kwa hiyo kwake maji ya moto si anasa.

Tangi tulilikuta limefungwa ukutani bafuni. Chini yake, penye bomba la maji ya baridi, palikuwa na valvu ndogo ya shaba yenye mkono mwekundu na kitundu kidogo. Kila jioni tukiwasha umeme, kitundu kile kilidondosha maji, tone baada ya tone. Nilichukia. Sakafu ililowa, na maji yenyewe twayalipia. Basi nikamwita fundi bomba wa mtaani kwetu nikamwambia, "Fundi, nizibie hiki kitundu."

Akanitazama. "Mwalimu, una hakika?"

Nikamjibu kwa methali: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Hakusema neno tena. Alichonga kijiti, akakiviringishia kipande cha mpira, akakigongomea ndani. Matone yakakoma, nami nikajiona mtu mwenye akili.

Miezi tisa ikapita. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka, Mama aligonga mlango wa chumba chetu. "Mwanangu, amka. Bafuni kunanyesha mvua." Nilikwenda mbio nikazima umeme. Tangi lilikuwa limetuna kama mtu aliyeshiba, mshono wa chini umefunguka, na maji ya moto yalikuwa yakiruka juu ya kigoda ambacho Mama hukalia anapooga. Alikuwa hajaingia. Alikuwa amerudi chumbani kuchukua kanga yake.

Kwa nini tangi lilipasuka

Sasa tuingie katika somo. Maji yakitoka nyuzi 15 za sentigredi yakafika nyuzi 60, ukubwa wake huongezeka kidogo, kiasi cha sehemu 16 katika kila sehemu 1,000. Ni kidogo, lakini tangi langu lilikuwa la lita 80. Piga hesabu: 80 mara 16, gawa kwa 1,000. Wapata karibu lita 1.3. Maji hayo hayana nafasi ndani ya tangi lililokwisha kujaa, na maji hayabonyei kama hewa. Hapana budi yatafute pa kwenda.

Valvu ile ndogo ina milango miwili ndani yake. Mlango wa kwanza huruhusu maji ya baridi kuingia na huyazuia ya moto yasirudi katika bomba. Mlango wa pili hushikwa na springi. Msukumo wa maji ukizidi kiasi kilichowekwa, springi hubonyea na maji machache hutoka nje kwa kitundu. Juu ya valvu niliyonunua baadaye pameandikwa 0.8 MPa. Huo ni msukumo wa nguzo ya maji yenye kimo cha mita 80 hivi. Basi matone niliyoyachukia yalikuwa ndiyo ile lita moja na kitu, ikitoka kwa mlango wake wa halali. Mimi niliufunga mlango huo kwa kijiti, na kila jioni nikalilazimisha tangi litanuke. Chuma kikachoka.

Tena mjue kwamba tulipona. Katika tangi mna thamostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yanapofika joto lililowekwa. Lau thamostati nayo ingeharibika, koili ingeendelea kuchemsha. Maji yaliyofungiwa kwa nguvu hayachemki kwenye nyuzi 100. Huweza kupita hapo yakiwa bado maji. Chombo kikipasuka wakati huo, sehemu ya maji hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya nafasi ya maji yaliyouzaa. Hapo hupasuka nyumba, si mshono tu.

Kuchagua tangi jipya

Nilikwenda dukani siku ile ile, na muuza duka akaniambia, "Mwalimu, chukua la lita 150, hutajuta." Nusura nitoe fedha. Kisha nikakumbuka kwamba nimekwisha kufanya jambo moja bila kufikiri, nikarudi nyumbani nikachukua kalamu.

Swali la kwanza ni hili: twahitaji maji kiasi gani? Sisi tu watu watano, na kila mtu huoga ndoo moja ya lita 20 yenye joto la nyuzi 40. Lakini tangi huweka maji ya nyuzi 60, nasi huyachanganya na ya baridi ya nyuzi 15. Kutoka 15 hadi 40 ni nyuzi 25. Kutoka 15 hadi 60 ni nyuzi 45. Basi sehemu ya maji ya moto katika ndoo ni 25 kwa 45, yaani tano ya tisa, nayo ni lita 11 na kidogo. Watu watano ni lita 56. Tangi la lita 80 latutosha na kubaki. Wanaooga kwa bomba la mvua wapige hesabu yao wenyewe. Bomba likitoa lita 8 kwa dakika, na mtu akikaa chini yake dakika 5, atakuwa ametumia lita 40, sawa na ndoo mbili. Nyumba hiyo ingehitaji tangi kubwa zaidi.

Swali la pili: litakula umeme kiasi gani? Kilo moja ya maji yahitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 80 kupanda nyuzi 45 ni 80 mara 4,200 mara 45, yaani jouli 15,120,000. Uniti moja ya luku ni jouli 3,600,000. Gawa, wapata uniti 4.2. Lile la lita 150 lingekula karibu uniti 7.9 kwa kujaza joto mara ya kwanza, na kila siku lingepoteza joto zaidi kwa kuwa ni kubwa. Koili ya kilowati 1.5 hupasha lita zangu 80 kwa saa 2 na dakika 48. Koili ya kilowati 3 huchukua nusu ya muda huo. Watu hudhani koili ndogo hula umeme mdogo. Sivyo. Kazi ni ile ile, na tofauti ni muda tu.

Swali la tatu: je, ziko njia nyingine? Nilizifikiri tatu.

Ya kwanza ni hita ndogo ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la kuogea. Haiweki maji, kwa hiyo haipotezi joto usiku. Lakini yenye kilowati 5.5, kwa umeme wa volti 230, huvuta ampea 24, na nyaya za nyumba yangu ni za zamani na nyembamba. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo huota moto ndani ya ukuta. Tena hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 6 na zaidi, na watoto wa shule hawana subira asubuhi.

Ya pili ni gesi. Hita ya gesi ni nzuri, lakini yataka bomba la kutolea moshi nje ya nyumba. Ikifungwa katika bafu lisilopitisha hewa, huweza kutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua. Bafu langu lina kidirisha kimoja tu. Nikaiacha.

Ya tatu ni jua. Si jambo geni. Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa hita ya jua mwaka 1891. Mwaka 1909 William Bailey wa California alitenga kibao cha kupokea jua na tangi lililofunikwa vizuri, ili maji yaliyopata joto mchana yawe bado moto usiku. Huku kwetu, kusini mwa Ikweta, kibao huelekezwa kaskazini. Tangi likiwekwa juu ya kibao, maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hupanda yenyewe bila pampu. Mita mbili za mraba, zikipata uniti 5 za jua kwa kila mita kwa siku na kutumia nusu yake, hutupa uniti 5 bila kulipa luku. Familia yangu huhitaji karibu 3. Naipenda njia hii. Lakini tangi la jua lililojaa pamoja na kibao chake lina uzito wa kilo mia mbili na zaidi, na mbao za paa langu zimeliwa na mchwa. Lazima kwanza nitengeneze paa. Mwenye paa imara na alifikirie jua kabla ya jambo lingine lolote.

Basi nikanunua tangi la umeme la lita 80, lenye koili ya kilowati 1.5. Dukani nilitazama mambo manne: kwamba ndani lina mpako wa kuzuia kutu, kwamba lina ufito wa magnesiamu, kwamba thamostati yake ina kikomo cha pili cha kukata umeme joto likizidi, na kwamba valvu ya usalama imo ndani ya sanduku pamoja nalo. Huo ufito wanafunzi wa kemia wataufahamu. Magnesiamu ni metali tendaji kuliko chuma, kwa hiyo maji huila kwanza, na chuma husalimika. Tulipolifungua tangi la zamani tulikuta ufito umekwisha kabisa, umebaki waya tu. Hakuna aliyewahi kuutazama.

Kulifunga

Nilimwita fundi yule yule, na pamoja naye fundi umeme mwenye leseni. Nilipomwonyesha fundi bomba kile kijiti, alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile nilijua. Lakini niliona haya kumbishia mwalimu." Maneno hayo yaliniuma kuliko gharama ya tangi.

Kazi tuliifanya hivi. Kwanza, fundi umeme alizima swichi kuu, akapima kwa kipima umeme kuhakikisha waya umekufa, akatia ufunguo wa kabati la swichi mfukoni mwake. Pili, tulifunga koki ya maji ya baridi, tukafungua bomba la moto ili hewa iingie, tukamwaga maji yote yaliyobaki. Tatu, tulishusha tangi la zamani, watu wawili.

Nne, tulitazama ukuta. Maji ya lita 80 ni kilo 80, na mwili wa tangi juu yake. Jumla yapita kilo 100. Ukuta wangu ni wa tofali za kuchoma, nao ni mnene, kwa hiyo tulitoboa matundu mapya na kutia bolti ndefu. Ukuta wa tofali mbichi usingefaa. Hapo ingelazimu kujenga nguzo ya kulibeba. Chini ya tangi tuliacha nafasi ili siku moja koili na ufito viweze kuvutwa nje bila kulishusha.

Tano, tuliunga mabomba, ya baridi penye alama ya buluu na ya moto penye alama nyekundu. Valvu ya usalama tuliiweka kwenye bomba la baridi, mshale wake ukielekea tangini. Kati ya valvu hiyo na tangi hapawekwi koki yoyote, maana mtu akiifunga koki hiyo, atakuwa ametia kijiti kama changu. Katika kile kitundu tuliunga bomba dogo linaloshuka mpaka kwenye tundu la maji machafu, na mwisho wake tumeuacha wazi tuuone. Sakafu hailowi tena. Hiyo ndiyo dawa niliyopaswa kuitaka tangu mwanzo.

Sita, tulijaza maji kwanza. Bomba la moto liliachwa wazi mpaka likaacha kutema hewa na maji yakatoka mfululizo. Koili ikiwashwa katika tangi tupu huungua kwa muda mfupi sana.

Saba, ndipo fundi umeme alipofanya kazi yake: waya wa milimita za mraba 2.5, swichi ya kukata nyaya zote mbili, iliyowekwa nje ya bafu, waya wa ethi uliofungwa barabara kwenye mwili wa tangi, na kikata umeme kinachofyatuka hata umeme kidogo, miliampea 30, ukivuja. Kazi hii sikuigusa, wala nawasihi wanafunzi msiiguse. Maji na umeme havisamehe.

Joto tuliliweka nyuzi 60. Mtu aweza kuuliza, kwa nini lisiwe 45 na kuokoa umeme? Sababu ni vijidudu viitwavyo Legionella, vilivyojulikana baada ya watu wengi kuugua homa ya mapafu katika mkutano mjini Philadelphia mwaka 1976. Vijidudu hivi huzaana katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na kwenye nyuzi 60 hufa. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu ni kutia maji ya baridi ndooni kwanza, kisha ya moto, na kupima kwa kiwiko kabla ya kumpa mtoto au mzee.

Kulitunza

Kila mwezi nainua ule mkono mwekundu kidogo. Maji yakitoka na kukoma, najua valvu ni hai. Kila mwaka fundi hutazama ufito na kukwangua ukoko wa koili. Matone yakitoka wakati wa kupasha, naacha. Yakitoka mchana na usiku hata maji yakiwa baridi, naita fundi, maana hapo ama valvu imechafuka ama maji ya bomba yana msukumo mkubwa mno. Dawa ni kusafisha, kubadili, au kupunguza msukumo. Kuziba si dawa hata kidogo.

Methali niliyomwambia fundi ni ya kweli, lakini mimi niliitumia pasipo mahali pake. Uko ufa unaotaka kuzibwa, na uko mlango uliowekwa na mwenye maarifa ili balaa itokee hapo kidogo kidogo. Kabla hujaziba, uliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Na akuulizapo mtu mwenye ujuzi, "Una hakika?", usimjibu kwa methali. Mwambie, "Sina. Nieleze." Siku hizi kijiti kile nakileta darasani pamoja na tufe la shaba na pete, na wanafunzi hukipokezana mkono kwa mkono.

Maswali ya kujipima

1. Familia ya watu saba huoga ndoo moja moja ya lita 20 yenye nyuzi 40. Maji ya baridi ni nyuzi 20, na ya tangi ni nyuzi 60. Wahitaji lita ngapi za maji ya moto?
2. Tangi la lita 50 lapashwa kutoka nyuzi 18 mpaka nyuzi 60. Litatumia uniti ngapi za luku, ukiacha joto linalopotea?
3. Kwa nini ufito wa magnesiamu huisha kabla ya chuma cha tangi?
4. Nyumbani kwenu kama kuna tangi la maji ya moto, tazama chini yake pamoja na mzazi wako. Je, kitundu cha valvu kiko wazi? Leta jibu darasani.